Farasi anachechemea mguu wa nyuma: nimchome sindano ya kiungo?

Swali: Daktari, farasi wangu wa miaka 14 ana wiki 3 anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Akitoka bandani miguu imekaza, akishatembea dakika 10 analainika. Hana uvimbe wala kidonda. Nilimpa fenilibutazoni (dawa ya maumivu) siku 5 akapata nafuu, nilipoacha ikarudi. Je, nimwite mtu amchome sindano ya kisigino?

Jibu: Bado. Dalili hizo zinafanana sana na baridi yabisi ya kisigino, yaani kile kiungo kikubwa katikati ya mguu wa nyuma chenye ncha inayotazama nyuma. Lakini kufanana si kuthibitisha. Ukichoma kiungo kisichoumwa umepoteza dawa, na umewafungulia vijidudu mlango.

Acha fenilibutazoni angalau siku 4 kabla ya uchunguzi, kwa sababu inaficha kile kile tunachokitafuta. Kisha bandika plasta nyeupe kwenye mifupa miwili ya nyonga, kushoto na kulia kwa kimo kimoja, na mtu amkimbize mbio za matiti kwenye ardhi ngumu, kamba ikiwa imelegea. Wewe simama nyuma yake. Plasta inayopanda na kushuka zaidi ndiyo upande unaouma. Hapa wengi huteleza: farasi mwenye maumivu ya mguu wa nyuma wa kushoto huweza kutikisa kichwa kana kwamba anaumwa mguu wa mbele wa kushoto. Anainamisha kichwa ili uzito uende mbele pale mguu mgonjwa unapokanyaga.

Anza chini. Safisha kwato, zibanebane kwa koleo la kupimia kwato, halafu weka vidole nyuma ya kifundo kilicho juu ya kwato usikie mapigo ya damu. Mapigo yakidunda kwa nguvu na kwato ikiwa ya moto, fikiria jipu la ndani ya kwato kabla ya kiungo chochote.

Baada ya hapo daktari atakunja mguu kwa sekunde 60 hadi 90, kisha farasi akimbizwe papo hapo. Akichechemea zaidi, kuna kitu, ila kipimo hiki hakikuambii ni kiungo kipi. Kisigino na goti la mguu wa nyuma wa farasi vimefungamana kwa kano, kwa hiyo huwezi kukunja kimoja ukaacha kingine.

Jibu la uhakika hutoka kwenye ganzi. Daktari huanza na neva za chini na kupanda hatua kwa hatua. Akifika kisigino, huingiza mililita 3 hadi 5 za mepivakaini, dawa ya ganzi, ndani ya kiungo cha chini kabisa kati ya viungo vidogo vinavyounda kisigino, ngozi ikiwa imesafishwa kama ya upasuaji. Kuchechemea kukipungua sana baada ya dakika kama 10, tumepapata. Kukiwa na shaka ya mfupa kuvunjika, ganzi ni mwiko: farasi ataukanyagia mguu asiousikia, na ufa mdogo utaachana kabisa. Piga eksirei kwanza, na isipoonyesha kitu, rudia baada ya siku 10 hadi 14, maana ufa mwembamba huchelewa kuonekana.

Ikithibitika ni kisigino, sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya kiungo, sasa ina mahali pake, isipokuwa kwa farasi aliyewahi kuugua ugonjwa wa kwato wa laminaitisi au mwenye shida ya insulini. Usimfungie bandani kwa miezi. Viungo hivi vidogo vya kisigino hunufaika na kazi nyepesi ya kila siku. Fenilibutazoni ikihitajika tena, miligramu 2.2 kwa kilo mara mbili kwa siku ni karibu gramu 1 kila mara kwa farasi wa kilo 450. Daktari ndiye aamue idadi ya siku. Ikizidi, huchubua tumbo na utumbo mpana na kuumiza figo, hasa maji yakiwa haba. Usiichanganye na fluniksini, dawa nyingine ya maumivu ya jamii hiyo hiyo.

Baada ya sindano mpumzishe siku 1 au 2, kisha mtembeze taratibu. Kiungo kikivimba na akakataa kukanyaga ndani ya siku chache za mwanzo, mwite daktari saa hiyo hiyo, hata usiku. Atavuta ute wa kiungo. Ute mzima ni wa manjano hafifu, unaona kidole upande wa pili wa bomba, na ukiuvuta kati ya vidole unatanuka kama uzi. Ukiwa na ukungu na mwepesi kama maji, kiungo kioshwe siku hiyo hiyo.