Tandiko hupimwa farasi akiwa mwendoni

Wadogo zangu, nimeona tena tandiko likipimwa kwa farasi aliyefungwa nguzoni, likakaa sawa, wote mkaridhika. Jamani! Mgongo uliosimama haujawaambia kitu bado.

1. Anzeni na bega. Farasi hana mtulinga. Miguu yake ya mbele imeshikwa na misuli tu. Mguu ukienda mbele, ncha ya juu ya mfupa wa bega hurudi nyuma. Wekeni kiganja ukingoni mwa mfupa huo, mwenzenu auvute mguu mbele. Mtausikia ukija. Fremu ya tandiko ianzie nyuma ya hapo.

2. Lisipite ubavu wa mwisho, wa 18.

3. Nafasi juu ya uti wa mgongo ipimeni mpandaji akiwa amekaa, kisha aende telki, azunguke kulia na kushoto.

4. Pedi, ule mto unaowekwa chini ya tandiko. Hapa ndipo mnaponiumiza. Farasi akifanya kazi vizuri mgongo huinuka na kutanuka. Tandiko likibana, pedi nene inakula hata ile nafasi ndogo iliyobaki. Namkumbuka jike mmoja aliyeitwa mkaidi. Akikazwa mkanda analaza masikio, shoti ya kushoto hataki kabisa. Kijana wake alimpenda kwa dhati, na kila alipoona misuli nyuma ya mabega imebonyea, aliongeza pedi kujaza shimo. Kumbe shimo lilichimbwa na tandiko lenyewe! Misuli ikikandamizwa kila siku hunywea, ikinywea tandiko huzama, pedi nyingine inaongezwa. Siku alipovuliwa mbele yangu, mgongo mzima ulilowa jasho isipokuwa mabaka mawili makavu, moja kila upande, pale tandiko lilipokandamiza. Alipumzishwa, akafanyishwa mazoezi bila kupandwa mpaka misuli ikarudi, na lile tandiko halikumwingia tena. Ukaidi uliisha. Nywele nyeupe zilizoota palipoumia hazikuisha.

5. Tandiko likihamia upande mmoja, msikimbilie kulijaza sufu. Mwangalieni anavyokanyaga nyuma. Kuchechemea kidogo kwa mguu wa nyuma hulisukuma pembeni, na hilo ni la daktari wa mifugo.

Akinenepa, akikonda au akibadilishiwa kazi, pimeni upya. Na leo mkivua matandiko, msimmwagie farasi maji kabla hamjaangalia ni wapi hakulowa jasho.