Skani ndiyo kazi ya mwisho: barua kwa mwanangu

Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Unasema maktaba yenu hapo Kisumu imeletewa sanduku la bati lenye karatasi za sakiti moja ya Kimethodisti (kundi la makanisa ya eneo moja): rejista za ubatizo, madaftari ya vikao, mipango ya wahubiri na picha. Mkuu wako anataka zote ziskaniwe upesi ziwekwe mtandaoni, kisha karatasi zenyewe zitupwe kwa kuwa rafu zimejaa. Unauliza kama ni sawa.

Si sawa. Kwanza, skani ndiyo kazi ya mwisho.

Kabla hujatoa hata karatasi moja, lipige picha sanduku likiwa wazi, kisha tabaka baada ya tabaka unavyoshuka. Andika aliyelileta ni nani, lini, na lilikuwa limewekwa wapi. Kila kifurushi kipe namba kwa penseli laini, na kibaki na jirani zake. Najua mkono utakuwasha kupanga kwa miaka. Uache. Barua iliyochomekwa kwenye daftari la mweka hazina huenda ndiyo inayoeleza kwa nini ukurasa ule una deni, na ukiitoa na kuipeleka kwenye faili la "Barua", hakuna atakayejua tena.

Chukua mpango wa wahubiri, yaani ratiba ya nani anahubiri wapi, ule wa mtindo wa zamani. Kushoto kuna majina ya makanisa, juu kuna Jumapili za miezi mitatu, na katika kila chumba kuna namba tu: 7, 12, 3. Kila namba ni mtu, na orodha ya majina iko pembeni au nyuma ya karatasi. Anayeskani upande mmoja ameokota namba zisizo na wenyewe. Na wengi wa hao si wachungaji, ni walimu, makarani na mafundi waliohubiri Jumapili, ambao majina yao huenda usiyapate kwingine. Umethodisti ni dini ya madaftari tangu 1742, pale Bristol, walipogawana waumini katika vikundi ili kila mtu atoe peni moja kwa wiki kulipa deni la jengo, na kila kikundi kikapata kiongozi na orodha yake. Basi ukikuta orodha yenye alama za kuhudhuria, usidhani ni takataka ya ofisi.

Jambo linalowakosesha wengi katika katalogi ni jina. Mwaka 1862 mmishonari Thomas Wakefield alifika Ribe, karibu na Mombasa, akitumwa na United Methodist Free Churches za Uingereza. Mwaka 1907 kanisa hilo liliungana na mengine likawa United Methodist Church, na 1932 likaingia katika Methodist Church ya huko. Kanisa la Methodist Kenya lilijitegemea 1967. Sasa United Methodist Church ya Marekani ilizaliwa 1968. Karatasi ya 1925 yenye maneno "United Methodist" haina uhusiano na hiyo ya Marekani, na ukiziweka chini ya kichwa kimoja msomaji atapotea. Andika jina kama lilivyo kwenye karatasi, kisha weka tarehe kando yake.

Tuje kwenye karatasi zenyewe. Pini yenye kutu usiivute. Ingiza kipande chembamba cha plastiki kati ya pini na karatasi, mbele na nyuma, ushike karatasi, ndipo uilegeze taratibu. Mipira ya kufungia na selotepu viondoke, ila selotepu iliyokwisha kushika wino mwachie mtaalamu. Bahasha za kaki zina asidi, hugeuza karatasi kuwa kahawia na kukatika kama chapati kavu. Kama hamna pesa za mabahasha maalumu, karatasi nyeupe ya fotokopi ya siku hizi kwa kawaida haina asidi, ifungeni nayo.

Kisumu ina unyevu, na unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa, kuvu huamka. Lengo lenu liwe asilimia 40 hadi 50. Kuvu mbichi usiifute kwa kitambaa, utaipaka tu, na Jik isikaribie. Tenga, kausha kwanza, kisha fagia nje kwa brashi laini kuelekea mbali nawe, umevaa barakoa. Wadudu huuawa kwa friza: funga vizuri kwenye plastiki, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki nzima. Stima ikikatika siku ya tano, anza kuhesabu upya. Ukitoa, usifungue mpaka kesho yake, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji juu ya karatasi baridi. Rafu zikae mbali na ukuta na juu ya sakafu, mchwa wa kwetu hawana adabu.

Sasa skani. Maandishi ya mkono dpi 400 (nukta kwa kila inchi), picha ndogo 600, na faili ghafi libaki TIFF, aina ya faili la picha lisilopoteza ubora. Ukurasa wa A4 wa rangi kwa 400 ni kama megabaiti 46, kwa hiyo daftari la kurasa 200 ni gigabaiti 9 na ushei. Mwambie mkuu hesabu hiyo kabla hajaagiza diski. Nakala ziwe 3, moja nje ya jengo, na flashi si ghala. Daftari lenye mgongo dhaifu lipigwe picha kutoka juu, lisikandamizwe.

Rejista za ubatizo usiziweke mtandaoni hivi hivi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu imani na majina ya watoto na wazazi kuwa data nyeti, na rejista ni hayo matupu. Za walio hai zisomwe chumbani kwa utaratibu. Tena, karatasi ni za kanisa: pateni maandishi yanayosema kama mmepewa au mmewekewa tu. Msije mkatupa mali ya watu.

Na picha: jina liandikwe kwenye bahasha kabla ya kuingiza picha, kwa penseli. Wino hupenya hadi usoni.

Mama yako