Moshi wa sigara wa jirani kwenye fleti

Ndugu uliyeuliza jinsi ya kumkinga mtoto na moshi wa jirani wa ghorofa ya chini hapo Kampala, kwanza fahamu kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama, na kwamba feni au manukato huondoa harufu tu, sumu ikabaki. Majengo yetu mengi yana matundu ya hewa ya kudumu juu ya madirisha, hivyo moshi wa baraza ya chini huingia hata ukifunga kila kitu. Ziba nyufa za mlango na mapengo yanayozunguka mabomba, na umlaze mtoto chumba cha upande wa pili. Hayo hupunguza tu. Kinachofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kumwomba mwenye nyumba aweke katika mkataba wa upangaji sharti la kutovuta ndani ya jengo, akitenga mahali uani mbali na madirisha. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015 inakataza kuvuta ndani ya maeneo ya umma na mita 50 kuyazunguka, na shisha imepigwa marufuku kabisa. Jirani mwenyewe mwendee kwa upole, tena asubuhi. Huenda hajui moshi wake unafika kwako.