TV ya mtaa Marekani inakula wapi?

SWALI: Mhariri, shemeji yangu yuko Marekani ana kipindi chake kwenye TV ya mtaa, halipii muda wa hewani na matangazo hakuna, sasa stesheni inaishije?

JIBU: Kwa bili za kebo ndugu yangu, yaani TV ya kulipia inayofika nyumbani kwa waya. Kampuni inapitisha nyaya kwenye barabara za mji, basi mji unaichaji, na sheria ya 1984 imeweka kikomo asilimia 5 ya mapato ya kebo. Sehemu ya hela hiyo (si miji yote ni waungwana!) inaenda stesheni, wao wanakufundisha kamera, wanakuazima na stendi yake, unarudisha, kipindi kinaruka na kampuni ya kebo haikupangii cha kusema. Ila watu wanakata kebo wanahamia intaneti, mfuko unasinyaa, ndo maana stesheni nyingi siku hizi zinapitisha bakuli.