Barabara Iliyochimbwa Ikaachwa, na Maswali Mengine ya Wasomaji

Barua za safari hii zinatoka pembe tofauti za Nairobi, lakini nyingi zina kilio kimoja: mwananchi anazungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Tumejibu tano.

Barabara ya mtaa wetu ilichimbwa ili iwekwe mtaro na lami. Mwanakandarasi alifanya kazi wiki tatu, akaondoa mashine. Mvua ikinyesha, maji yanaingia madukani. Chifu anasema ni kazi ya kaunti, kaunti wanasema ni ya KURA. Tumeandika barua mbili, kimya. – Mwenye duka, Kayole

Ndugu mwenye duka, anza kwa kumjua mwenye barabara. Barabara kuu za kitaifa kama Thika Road ziko chini ya KeNHA, yaani Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa. KURA, yaani Mamlaka ya Barabara za Mijini, ndiyo iliyojenga barabara kama Outer Ring. Vichochoro na barabara ndogo za mitaa kwa kawaida ni za kaunti. Kama bango la mradi bado limesimama, lipige picha leo kabla halijang'olewa. Hapo utapata jina la ofisi iliyotoa kandarasi, jina la mwanakandarasi na, mara nyingi, nambari ya kandarasi. Bango likikosekana, tafuta jina la barabara au la wadi katika tovuti ya zabuni za serikali, tenders.go.ke. Bado hujui? Andikia KURA na kaunti siku moja. Ofisi isiyo na habari hizo inatakiwa kisheria kuipeleka barua yako kwa inayohusika ndani ya siku 5, kwa hiyo lile neno "si sisi" halitoshi kuwa jibu.

Sasa tuzitazame hizo barua zenu mbili. Tunahisi ziliuliza kwa nini barabara haijakamilika. Swali la "kwa nini" hujibiwa "tunalishughulikia", na mambo yakaishia hapo. Ombeni karatasi zilizomo kwenye faili. Andikeni hivi:

"Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na kifungu cha 8 cha Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba nakala za karatasi zifuatazo kuhusu kazi ya barabara itokayo (taja alama) hadi (taja alama), wadi ya (taja), kandarasi nambari (taja): mkataba wenye tarehe ya kuanza na ya kukamilisha, orodha ya kazi na vipimo, hati zote za malipo zilizoidhinishwa hadi leo, barua za kuongeza muda, kama zipo, na ripoti ya mwisho ya mhandisi msimamizi."

Orodha ya kazi na vipimo, ile mafundi huiita BQ, ndiyo roho ya barua hiyo. Tuseme imeandika mtaro wa mita 400, na hati ya malipo inaonyesha mita 400 zimelipiwa. Chukueni futi kamba ya mita 30, watu wawili, mpime kutoka mwanzo hadi mwisho. Piga picha kila futi inaponyooshwa, namba zake zionekane. Hesabuni na kalvati. Mkipata mita 150, hamna tena malalamiko ya mtaani. Mna ushahidi wa kupeleka EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Upande wa pili nao upo. Huenda hati zikaonyesha kwamba mwanakandarasi hajalipwa na ameondoka kwa sababu hiyo. Madeni ya wanakandarasi ni ugonjwa wa kaunti nyingi. Ikiwa ndivyo, kumfuata mwanakandarasi ni kupoteza nauli. Wa kusukumwa ni idara ya fedha ya kaunti, na njia mojawapo ni kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinampa kila mtu haki hiyo.

Barua ielekezwe kwa mkuu wa taasisi: Mkurugenzi Mkuu kwa KURA, Katibu wa Kaunti kwa kaunti. Sheria inamfanya mkuu wa taasisi kuwa afisa wa kutoa habari, hata kama amemkabidhi mtu mwingine kazi hiyo. Kiswahili kinakubalika. Huhitaji kueleza unazitakia nini habari hizo. Kuomba ni bure. Wanachoweza kukutoza ni gharama halisi ya kutoa nakala. Nenda na nakala mbili masjala, moja ibaki nao, nyingine irudi nawe ikiwa na muhuri na tarehe. Barua nyingi nzuri hufia hapa: aliyeandika hana la kuonyesha kwamba ilipokelewa.

Kuanzia tarehe ya muhuri, hesabu siku 21. Wanaweza kuongeza siku 14, mara moja tu, na lazima wakuarifu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba wamekukatalia, na una siku 30 za kupeleka suala hilo kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayofahamika kama Ombudsman. Tume ina uwezo wa kuiamuru ofisi itoe karatasi hizo. Wakikwambia mkataba ni siri ya biashara, wakumbushe kifungu cha 5: ofisi ya umma inapotia saini mkataba inapaswa yenyewe kutangaza kazi yenyewe, kiasi cha pesa, jina la aliyepewa na muda wa kukamilisha.

Gari langu lilivunjika springi na rimu kwenye shimo la barabarani usiku. Naweza kudai? – Dereva, Donholm

Waweza, lakini muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Dai la hasara dhidi ya serikali au kaunti lazima lifike mahakamani kabla miezi 12 haijaisha. Ukichelewa, hata ushahidi mzuri haukusaidii. Kabla hujatengeneza gari, piga picha za shimo ukiwa umesimamisha rula ndani yake ili kina kionekane, pamoja na picha za mahali zenye alama inayotambulika. Andikisha tukio polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Fundi aandike ripoti ya kilichovunjika na chanzo chake, kisha weka risiti. Wengi hutengeneza kwanza, wakabaki na risiti isiyoonyesha kwamba ni shimo lililovunja springi. Dai lisilozidi Sh1,000,000 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo.

Tumeamka tukakuta nyumba zetu zimechorwa X nyekundu. Kijana mmoja aliyevaa jaketi ya kazi alisema tuna siku saba. Tumeishi hapa zaidi ya miaka kumi, hatuna hati. – Mama wa watoto watatu, karibu na Mto Ngong

Pole sana, mama. Rangi ya X ukutani si ilani, na neno la kijana wa jaketi si ilani pia.

Sheria ya Ardhi, kwa marekebisho ya mwaka 2016, vifungu vya 152A hadi 152I, inasema hata anayekaa kwenye ardhi bila ruhusa ataondolewa kwa kufuata utaratibu wa sheria hiyo. Kama ardhi ni ya umma, Tume ya Kitaifa ya Ardhi inapaswa kuwajulisha wote wanaohusika kwa maandishi, kwa tangazo katika gazeti rasmi la serikali, katika gazeti moja linalosomwa nchi nzima na redioni, angalau miezi 3 kabla. Ardhi ya mtu binafsi pia ni miezi 3 kwa maandishi, na nakala iende kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa kituo cha polisi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chifu na kwa kituo liwe hili: ilani iko wapi, imetolewa na nani, tarehe gani?

Kifungu cha 152F kinamruhusu aliyepewa ilani kwenda mahakamani kuomba nafuu. Msisubiri tingatinga. Leo hii andikeni orodha ya kaya zote: jina la mwenye nyumba au mpangaji, idadi ya watu, watoto wanaosoma na wapi, wazee, wagonjwa, mwaka wa kuingia. Kusanyeni chochote chenye tarehe na mahali: risiti za maji au stima, kadi za kliniki, barua za shule. Pigeni picha za X na za kila nyumba, ndani na nje. Orodha hiyo ndiyo wakili atakayoitaka kwanza anapoandaa ombi la dharura katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Milimani. Kesi moja kwa niaba ya wote ni nafuu kuliko hamsini za mmoja mmoja.

Ubomoaji ukija hata hivyo, kifungu cha 152G kinawataka wanaouendesha wajitambulishe na waonyeshe idhini rasmi, maafisa wa serikali wawepo, na wakazi wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao. Ulizeni idhini hiyo kwa sauti, mmoja wenu akiandika majina, namba za magari na saa.

Hati mnakosa, ndiyo, lakini si kwamba hamna haki yoyote. Katika kesi ya Mitu-Bell, iliyohusu wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 11 Januari 2021 kwamba watu waliokaa muda mrefu kwenye ardhi ya umma, wakajenga makao na kulea familia, wanaweza kupata haki ya makazi inayolindwa na Ibara ya 43. Haimaanishi kwamba ardhi inakuwa yenu. Inamaanisha mahakama inaweza kuwapa nafuu, ikiwemo fidia, na kwamba serikali haiwezi kuwatendea kama takataka za kufagiliwa.

Mvua ikianza tu, nauli ya kuja mjini inapanda maradufu. Nani huzuia? – Abiria, Umoja

Kwa kweli, hakuna sheria inayopanga kiwango cha nauli ya matatu, na ukipeleka malalamiko ya bei pekee yatagonga mwamba. Kinachoshikika ni makosa mengine yanayofuatana nayo: kuzidisha abiria, au kondakta kubadili bei mkiwa njiani baada ya kupatana. Andika nambari ya bamba, jina la sacco lililoandikwa ubavuni, njia, mahali na saa. Anza na ofisi ya sacco, kwa sababu leseni za magari zimefungamana nayo, kisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Bila nambari ya bamba, hakuna wa kuulizwa.

Mshahara wangu ni Sh30,000. Mwajiri anakata Sh900 za nyumba kila mwezi. Je, nimo kwenye foleni ya kupata nyumba? – Mlinzi, Industrial Area

Kaka, kuna tatizo kabla hata hatujafika kwenye foleni. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wako wote, yaani Sh450. Mwajiri anaongeza Sh450 nyingine kutoka mfukoni mwake. Kama payslip yako inaonyesha Sh900, umebebeshwa mzigo wake. Mwandikie ukiambatisha payslip za miezi yote iliyokatwa hivyo, udai tofauti. Akikataa, nenda ofisi ya leba. Pesa hizo anapaswa kuziwasilisha kabla siku ya 9 ya kazi ya mwezi unaofuata haijapita, na akichelewa anatozwa asilimia 3 ya deni kwa kila mwezi. Mwombe pia fomu ya P9, ile ya muhtasari wa mshahara na makato ya mwaka, mwisho wa mwaka uone kama ada imeandikwa sawasawa.

Kuhusu foleni: kukatwa ada hakukuingizi popote. Ni lazima ujisajili mwenyewe kwenye Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizo, na uombe nyumba. Kwa mapato yako uko katika kundi la Sh20,000 hadi Sh149,000. Nyumba za kijamii ni za walio chini ya Sh20,000. Weka mapato halisi unapojaza, yalingane na payslip.