Ndoa Imevunjika, Makaratasi Hayajakamilika

Miezi saba nililala kwenye kochi la nyumba ambayo nusu ya kodi yake nilikuwa nalipa mimi, kwa sababu ya sentensi moja. Januari 2023, hapa Houston, Marekani, mume wangu aliniambia: "Nikipiga simu moja tu, unarudi kwenu." Nikaamini. Asubuhi nikaamka nikachemsha chai, nikaenda zamu yangu ya kulea wazee, sikumwambia mtu. Wakati huo mkobani nilikuwa na grini kadi, yaani kadi ya ukaazi, ya miaka miwili. Laiti ningejua kadi ile inanipa nini, nisingelala hata usiku mmoja pale.

Siku hizi, msibani au harusini, hakosi mtu wa kunivuta pembeni na kuninong'oneza: "Dada, tukiachana, makaratasi yangu yatakuwaje?" Mimi si wakili, na ninachoandika hapa hakichukui nafasi ya wakili. Lakini nami huwa namuuliza swali kabla sijamjibu: uko hatua gani? Hofu ya mtu ambaye hajaitwa kwenye mahojiano si sawa na ya mtu mwenye kadi mkononi, na wengi wetu tunaogopa kwa hesabu za watu wengine.

Tuanze na hatua ngumu zaidi, yaani ombi halijaamuliwa. Mwenzako raia wa Marekani amepeleka fomu I-130 kuonyesha kwamba ninyi ni mume na mke, nawe umepeleka I-485 kuomba ukaazi. Hapa tishio lake lina meno. Anaweza kuiondoa I-130 kabla ya uamuzi, na talaka ikitoka kabla ya uamuzi, I-485 yako inakosa pa kusimama. Kibali cha kazi ulichopata kwa ombi hilo nacho hakitadumu, na unaweza kujikuta unaitwa mahakama ya uhamiaji. Kama uliingia kwa viza ya uchumba, mlango ni mwembamba zaidi: huwezi kuolewa na raia mwingine kisha ukaombea ukaazi hukuhuku kupitia yeye.

Lakini hata hapo, kutengana si talaka. Mume akihamia kwa dada yake wiki tatu, ndoa haijafa machoni pa sheria, na ombi halifi kwa hilo peke yake. Kinachoangaliwa ni kama mlioana kwa nia ya kweli kujenga maisha. Msikimbilie mahakamani kuchukua amri ya kutengana kisheria kabla hujaongea na wakili wako mwenyewe, si yule mliyekuwa mnamtumia pamoja. Na kama mnaishi nyumba mbili, mkiulizwa kwenye mahojiano semeni mnaishi nyumba mbili. Nawajua waliojifanya bado wako pamoja, wakakariri rangi ya mapazia. Uongo wa namna hiyo unaweza kuifanya ndoa ya kweli ionekane ya kununua, na sheria inasema aliyebainika kufunga ndoa ya udanganyifu kwa ajili ya makaratasi hapitishiwi tena ombi la I-130, hata akija kuolewa kwa mapenzi ya dhati miaka kumi baadaye.

Wala usipande ndege kwa hasira. Ukiondoka I-485 ikiwa bado inasubiri na huna kibali cha kusafiri, kwa wengi wetu hiyo ni sawa na kuitupa. Na aliyekaa bila uhalali zaidi ya siku 180 akatoka, anaweza kufungiwa kurudi miaka 3. Aliyefikisha mwaka au zaidi, miaka 10. Lia, funga mlango, nenda ukalale kwa rafiki, lakini baki nchini mpaka wakili akuambie.

Sasa hatua niliyokuwa mimi. Tulifunga ndoa Desemba 2020, kwanza serikalini, kisha nikaha msikitini, na nikapewa ukaazi Novemba 2021. Kwa kuwa ndoa ilikuwa haijatimiza miaka 2 siku hiyo, kadi yangu ilikuwa ya masharti. Utaratibu huu ulitoka kwenye sheria ya 1986 ya kuzuia ndoa za udanganyifu. Ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha, mume na mke wanatakiwa kupeleka I-751 kwa pamoja kuondoa masharti. Ule "kwa pamoja" ndio ulionitia kitanzi shingoni. Nilidhani bila saini yake nimekwisha.

Si kweli. I-751 ina njia ya kuomba peke yako kama ndoa ilikuwa ya kweli lakini imeishia kwenye talaka. Hawakuulizi nani alikosea. Wanataka kujua mlipooana mlikuwa na nia gani. Na simu ile moja aliyonitishia nayo haikuwa na uwezo wa kunifutia ukaazi, kwa sababu kadi ikishatoka ni yako. Angeweza kukataa kutia saini ombi la pamoja, basi. Mambo haya yote nilielezwa kwa dakika arobaini na mwakilishi wa shirika moja la hisani, mmoja wa wale walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kushughulikia kesi za uhamiaji. Miezi saba, kwa kitu cha dakika arobaini. Bado nikikumbuka kifua kinabana.

Kabla yake nilikwenda kwa mtu wa kwetu anayejaza watu fomu sebuleni. Akaniambia nisihangaike, yeye ataiga saini ya mume. Namshukuru Mungu nilikosa hela siku ile.

Nilihama Agosti 2023, nikafungua shauri la talaka wiki hiyohiyo. Texas inadai zipite siku 60 tangu kufungua shauri, kwa hiyo hukumu ilitoka Oktoba. Hapa niseme na Waislamu wenzangu. Mume wangu alikuwa ameshanitamkia talaka kwa simu, na nyumbani Tanga walihesabu eda imeanza. Kwa Uhamiaji tamko lile halikuvunja ndoa tuliyoiandikisha serikalini. Wanachotaka ni hukumu ya mahakama. Nimeona dada akipoteza karibu mwaka akiamini karatasi ya shehe inatosha.

Ushahidi ndio ulionitesa. Mikataba, risiti, picha, vyote vilikuwa kwenye kabati la chumbani kwake. Niliporudi kuchukua vitu nikiwa na rafiki, nilibeba faili moja na mkeka wa ukili ambao mama alinisukia kwa ajili ya harusi. Bahati nzuri nakala nyingi zilikuwepo kwingine: benki walinipa taarifa za akaunti ya pamoja za miaka miwili, mamlaka ya kodi wakanipa kumbukumbu za marejesho tuliyopeleka kama mke na mume. Mwenye nyumba akanipa nakala ya mkataba. Mshauri wa ndoa tuliyemwendea mara sita akaandika barua, na sikutegemea kwamba barua ile ingekuwa na uzito kiasi kile, lakini watu wasio na ndoa hawalipi mtu awasuluhishe. Jirani akaandika, imamu akaandika. Kama bado mna amani, piga picha kila karatasi leo na ujitumie kwenye barua pepe ambayo neno lake la siri unalijua wewe tu. Huko si kumtilia shaka mwenzako. Hata nyumba zenye upendo huungua moto.

Kosa langu kubwa lilikuwa anwani. Ukihama una siku 10 kuwaarifu Uhamiaji, na mimi nilichelewa. Barua ya kunitaka nikapige alama za vidole ilikwenda nyumba ya zamani, nikaikosa, nikalazimika kuomba siku nyingine. Barua iliyothibitisha kupokelewa kwa ombi langu la I-751 nilikuwa ninayo, na ile iliongeza uhai wa kadi yangu kwa miezi 48, nikaendelea na kazi. Mwaka 2025 niliitwa mahojiano. Afisa akauliza nini kilitokea. Nikamwambia mama aliugua figo, nikawa natuma pesa kila wiki mbili, mume akaona nyumba yake inaibiwa, tukaanza kufichana, tukaishia kutukanana. Hakuuliza zaidi ya hapo. Masharti yakaondolewa.

Kama unapigwa, unanyimwa chakula, pasipoti yako imefichwa, unatishiwa kufukuzwa nchini kila siku, njia yako ni nyingine, na ipo hata kama I-485 yako haijaamuliwa. Kwa sheria inayoitwa VAWA, yaani sheria ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, ya 1994, unaweza kupeleka fomu I-360 mwenyewe, bila mwenzako kujua, na Uhamiaji wanakatazwa kumfunulia. Si lazima uwe na kovu, ukatili mkubwa wa maneno na vitisho unahesabika pia. Hata mkishaachana kwa sababu ya ukatili huo, una miaka 2 tangu talaka. Na kaka zangu, inawahusu pia. Namjua mwanamume mmoja, fundi hodari, ambaye mke alimfungia nje kwenye baridi ya Januari, naye akaona aibu kusema. Jina la sheria linataja wanawake, ulinzi wake ni wa wote. Simu ya dharura kwa wanaofanyiwa ukatili nyumbani ni 1-800-799-7233, na wana wakalimani.

Kidogo kuhusu uraia: ile njia ya kuomba baada ya miaka 3 ya ukaazi ni ya anayeishi na mwenza raia. Ukiachwa unarudi kwenye miaka 5, lakini muda wa kadi ya masharti unahesabiwa. Yangu inatimia Novemba 2026.

Ambalo halimo kwenye fomu yoyote ni neno "vumilia". Nililisikia kutoka kwa shangazi, kwa wenzangu wa kazini, hata kwa mtu niliyemheshimu sana: vumilia mpaka upate makaratasi. Wananipenda, najua. Lakini hakuna hata mmoja aliyejua niko hatua gani, nami sikujua, tukawa tunavumilia pamoja gizani. Mama nilimwambia mwisho kabisa, hukumu ikiwa mkononi. Nilijiandaa kwa kilio. Alinyamaza kitambo, akauliza nakaa wapi sasa, nalala juu ya nini. Nikamwambia nimepata chumba, godoro bado. "Na mkeka?"

"Ninao, mama. Ndio ninaolalia."