Punje ya Haradali: Kwa Mnaoanza Kusoma Ukristo na Ubuddha Pamoja

Ninawaandikia ninyi mnaojiunga mwaka huu na kikundi chetu kidogo cha masomo hapa Mwanza. Wengi wenu ni Wakristo waliokulia katika jumuiya ndogo ndogo, katika kwaya na katika shule za Jumapili, na pengine hamjawahi kukaa meza moja na Mbuddha hata siku moja. Hilo si kosa lenu, kwa kuwa Wabuddha katika mji wetu ni wachache mno, na hekalu lao linalojulikana zaidi nchini, lile lililoanzishwa na watu kutoka Sri Lanka, liko Dar es Salaam. Lakini uchache huo una hatari yake: tutakuwa tukizungumzia imani ya watu ambao mara nyingi hawapo chumbani kutusahihisha, na mtu asiyekuwepo ni rahisi sana kumsemea.

Hatari hiyo niliingia mimi mwenyewe katika mwaka wangu wa kwanza. Nilichora jedwali lenye safu mbili, nikaweka Ufalme wa Mungu mkabala na Nirvana, Yesu mkabala na Buddha, Amri Kumi mkabala na maagizo matano ya Kibuddha, nikaamini kwamba kazi ya kutafuta msingi wa pamoja nimeimaliza. Wakati huo alikuwepo Mwanza fundi mmoja kutoka Sri Lanka, Mbuddha wa madhehebu ya Theravada, aliyekuja kwa kazi ya ujenzi na kukubali kututembelea jioni moja. Alilisoma jedwali langu kwa utulivu, kisha akaniambia kwa adabu kwamba kila neno la safu yake analitambua, ila maana zilizoandikwa pale hazitambui. Akatueleza kwamba Nirvana si mahali ambapo mtu huenda baada ya kufa, bali ni kuzimika kwa moto wa tamaa, chuki na ujinga, na kwamba Buddha kwake ni mwalimu aliyeamka, wala hakuwahi kumwona kuwa muumba wa dunia. Jedwali nililichana usiku ule. Nawaomba msilichore lingine.

Badala yake, anzeni na msiba.

Katika mapokeo ya Kibuddha kuna kisa cha mama aitwaye Kisagotami, aliyefiwa na mtoto wake wa pekee akawa anambeba mgongoni akiomba dawa nyumba kwa nyumba. Buddha alimwambia kwamba dawa ipo, nayo ni punje za haradali, mradi zitoke katika nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Haradali ilikuwepo kila nyumba, lakini nyumba isiyo na kifo hakuiona. Jioni ilipofika alimpumzisha mtoto wake, akarudi kwa Buddha akiwa mtulivu, akawa mfuasi. Nanyi mnaijua punje nyingine ya haradali, ile ya Mathayo 13, ndogo kuliko mbegu zote, inayokua hata ndege wa angani wakaja kukaa katika matawi yake. Mbegu ni moja, mafundisho mawili tofauti kabisa. Mkiona neno linalofanana katika maandiko ya pande zote mbili, msikimbilie kulifanya daraja. Ulizeni kwanza kila mwalimu alikuwa akimwambia nani, na mtu huyo alikuwa na jeraha gani.

Kisa cha Kisagotami tulikisoma kwa pamoja mara ya kwanza mwezi Mei, karibu na tarehe 21, siku ambayo mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia kufika Mwanza. Wengi waliokufa siku ile wamezikwa Igoma. Katika kikundi chetu alikuwamo mama mmoja ambaye mume wake alikuwa ndani ya meli hiyo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba nyumba ya haradali hata hapa Mwanza haipo. Akaongeza kwamba kilichomuumiza zaidi miaka ile ni watu waliomwambia kabla machozi hayajakauka kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Tukafungua Luka 7, mahali Bwana anapokutana na mjane wa Naini anayemzika mwana wake wa pekee, na hapo tofauti ikasimama wazi mbele yetu: mjane yule alirudishiwa mwanawe, Kisagotami hakurudishiwa. Mkristo anayetumaini ufufuo hawezi kuificha tofauti hiyo, na Mbuddha hamtaki aifiche. Lakini tuliona pia kwamba hakuna mwalimu kati ya wale wawili aliyempita mama akaendelea na safari yake, wala aliyemwambia kwamba kilio chake ni upungufu wa imani. Kwa maoni yangu, msingi wa pamoja unaostahili jina hilo huanzia hapo.

Neno la pili la kulitafakari ni kiu. Katika Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, chanzo cha dukkha huitwa tanha, na maana yake hasa ni kiu. Dukkha yenyewe sisi huitafsiri mateso, ingawa hubeba zaidi ya hapo: ni pamoja na ile hali ya kutotosheka hata na kilicho kizuri, kwa sababu hakidumu. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua kwamba mtu anaweza kuzungukwa na maji na bado akaona kiu. Someni Yohana 4, Yesu anapomwambia mwanamke Msamaria kwamba kila anywaye maji ya kisima kile ataona kiu tena. Utambuzi wa ugonjwa unakaribiana sana, ila tiba zinaachana: Buddha anafundisha njia ya kuing'oa kiu, Yesu anaahidi maji yaliyo hai. Kaeni na tofauti hiyo kwa wiki kadhaa bila kuitatua.

Kuhusu mazoezi, nitasema jambo moja tu. Wabuddha wana karuna, yaani huruma kwa anayeteseka, na mudita, yaani kuifurahia furaha ya mwenzako bila kijicho. Paulo anaandika katika Warumi 12:15, "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Nimegundua kwamba kulia na wanaolia tunakuweza, misiba imetufundisha; kufurahi na jirani aliyepata boti mpya wakati nyavu zako zimerudi tupu ndiko kugumu, na huko wenzetu wana mafunzo ya kina ambayo Mkristo anaweza kujifunza kwayo bila kuacha sala zake.

Baadhi yenu mtaulizwa nyumbani kama masomo haya yanaruhusiwa. Wakatoliki wajue kwamba tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 28 Oktoba 1965 linautaja Ubuddha kwa jina na kwa heshima. Wa madhehebu mengine wazungumze na wachungaji wao kwa uwazi, wasije kwa kujificha. Mtasikia pia kwamba Yesu alisomea India. Dai hilo halina ushahidi wa kihistoria, liacheni.

Kabla ya kikao cha kwanza, soma Luka 7:11-17 polepole, kisha ukisome tena kisa cha Kisagotami nilichokisimulia hapa, usiku uleule. Halafu andika kwenye karatasi jina la mtu mmoja uliyemzika, uje nalo.